Sauti Yangu Kwenye Simu ya Mkwe

Ukifungua kwenye simu mfumo wa viwanja vya walioporomokewa na mlima, ukabonyeza palipoandikwa Kinyakyusa, mwanamke atakusalimia. Atakuuliza uliishi wapi kabla udongo haujashuka, uliishi na nani, na nani kafa. Anauliza taratibu, kama mtu anayemlisha mgonjwa uji. Mwanamke huyo ni mimi. Watu wa Tukuyu wakinisikia sokoni nabishana juu ya mkungu wa ndizi, wanageuka: "Mama, si wewe wa kwenye simu?" Nawajibu siyo mimi, yule ni mwingine, yule ana adabu.

Nataka kueleza jinsi sauti hiyo ilivyotumika kuninyang'anya nyumba, na waliofanya hivyo nitawaonyesha kwa kidole. Majina sitaandika. La mkwe wangu sijalitamka tangu nilipoolewa, na sitalitamka mpaka mmoja wetu azikwe. Ya hao wengine nayaacha kwa makusudi, maana yameshabandikwa kwenye vibao vya kutosha. Nitasema shemeji, nitasema mtendaji, nitasema mtaalamu. Wenyewe wanajijua.

Mlima wetu, huko juu Masukulu, ulishuka asubuhi, watu wakiwa wanajiandaa kwenda kuchuma chai. Mvua ilikuwa imenyesha mpaka tukaizoea, hakuna aliyeihesabu tena kuwa mvua. Mume wangu alirudi zizini kumfungua ng'ombe. Hiyo ndiyo mara ya mwisho kumwona. Mimi nilifukiwa mpaka kifuani, migomba imenilalia, nikawa nasikia watu wanaita na siwezi kujibu kwa sababu kifua kimebanwa. Walinitoa kwa majembe. Jembe la aliyeniokoa ndilo lililonichana mguu, ndiyo maana nachechemea. Huyo simlaumu. Katika habari hii yote ni yeye peke yake aliyeniumiza bila kukusudia.

Tulilala madarasani, halafu kila mtu akaenda anakokujua. Binti yangu alikuwa shule ya bweni Mbeya, ndiyo pona yake. Mimi nilipata chumba Bulyaga, mjini Tukuyu, chumba cha kupanga, nikawa nauza ndizi na kufulia watu. Shemeji, mdogo wa marehemu, alimpeleka mkewe kwao, akabaki na baba yao kwenye nyumba ya jamaa mmoja kijijini.

Ndipo likaja shirika. Wakatangaza kwamba wamepata eneo chini karibu na barabara, watajenga nyumba za bati kwa waliopoteza makazi. Mjane ambaye mume wake alikufa kwenye maporomoko atapata nyumba yake mwenyewe, siyo kupachikwa kwa ndugu. Nilifurahi. Lakini sharti lilikuwa moja: mkuu wa ule mji wa zamani, na mji kwetu ni boma la ukoo mmoja, athibitishe kwa mdomo wake kwamba mjane huyo kweli alikuwa na nyumba pale. Walikuwa wameshakutana na wajane wa bandia, wanawake ambao waume zao wako Chunya wanachimba dhahabu.

Mkuu wa mji wetu ni mkwe wangu. Kwa hiyo nyumba yangu ilikuwa kwenye mdomo wa mkwe, na mdomo wa mkwe ndio pekee chini ya jua ambao siwezi kuuendea.

Kwa asiyejua mila yetu: mke wa mtoto na baba wa mume hawakutani. Hawatazamani usoni, hawakai chini ya paa moja, hawasemezani. Ukisikia anakuja kwenye kijia, unaingia migombani mpaka apite. Naye akikaribia uani anakohoa, ili ujue ndiye. Chakula chake napika mimi, anapeleka mwingine. Siyo chuki. Ni heshima, na ukikaa nayo miaka inakuwa kama upendo wa mbali. Mimi najua hapendi ndizi zilizopikwa na chumvi nyingi. Yeye alijua ninavyoogopa radi, na mvua za radi zilipoanza alikuwa anamtuma mke wake aje akae na mimi. Hatujawahi kuambiana hata neno. Vijana wa mjini wanacheka. Tukuyu siku hizi utamkuta binti anakula meza moja na baba mkwe wake na wanagombania rimoti. Sawa, ni maisha yao. Mzee wangu ni mzee wa juu, na mimi niliolewa kwake, sikuolewa mjini.

Utasema, mbona unaimba kwaya na mkwe yuko kanisani? Kwaya ni sauti za watu wengi, na haimuulizi mtu chochote. Kusimama peke yangu nikamwelekezea maneno, hilo ndilo haliwezekani.

Mama mkwe alishatangulia. Mume wangu ndiye alikuwa daraja kati yangu na mzee. Alipokufa, daraja likabaki shemeji.

Huo mfumo wa kuthibitishia ulikuja kwanza kwa Kiingereza. Unafikiria mtu aliyetolewa kwenye udongo anaulizwa kwa Kiingereza. Watu wakalalamika, wakaweka Kiswahili. Hapo mimi nilielewa, na wa rika langu. Lakini wazee waliobaki huko juu, Kiswahili chao ni cha salamu na cha kuuza majani ya chai. Ukimuuliza mzee wa namna hiyo habari za "kaya" na "uthibitisho", anakubali kila kitu ili aondoke. Wengine walikuwa wanasema ndiyo mpaka kwenye swali la kama wamekufa.

Shirika likamtuma mtaalamu kutoka Dar es Salaam. Kijana msafi, viatu vyeupe kwenye tope letu, kishikwambi amekikumbatia kama mtoto mchanga. Akaitisha mkutano ofisi ya kata, akasema anaongeza lugha. Pale juu ya kioo patakuwa na mahali pa kuchagua: Kiingereza, Kiswahili, Kinyakyusa. Na kwa kuwa wazee wengi hawasomi, cha Kinyakyusa kitakuwa na sauti. Mtu anabonyeza, anaulizwa, anajibu kwa kusema au kwa kubonyeza ndiyo na hapana.

"Nahitaji mtu mwenye sauti safi," akasema. "Isiyotetemeka. Mwenyeji."

Shemeji akainuka. Alikuwa katibu wa kamati ya waathirika, hakuna aliyemchagua, alijikuta tu ameshika kalamu.

"Yupo shemeji yangu hapa," akasema. "Mwimbaji wa kwaya huyu. Akiimba sauti ya kwanza, hata kuku wanaacha kulia. Tena ni mjane wa tukio lenyewe. Ataongea kwa uchungu unaofaa."

Watu wakapiga makofi. Mtendaji wa kata akasema, "Mama, usituangushe." Nikaona aibu, nikaona na fahari. Tangu nifukuliwe nilikuwa mtu wa kuhurumiwa. Hapo nikawa mtu wa kuhitajika. Mtu aliyezoea kuhurumiwa hauliziulizi.

Tulirekodia chumba cha mikutano cha kanisa. Mvua ikaanza, bati likawa linapiga kelele kama watu wanamwaga maharage. Mtaalamu akasema tusubiri ikatike. Nikamwambia, "Mwanangu, hapa ukisubiri mvua ikatike utaoa hapa." Akacheka, tukahamia stoo ya viazi, hakuna dirisha, tukatundika mablanketi. Humo ndimo nilimoingiza sauti yangu, nimekaa juu ya gunia, harufu ya viazi vilivyoanza kuota machipukizi. Sentensi moja moja. Karibu. Chagua lugha. Sema jina lako. Taja waliolala kwenye mji wako siku ile. Kila moja nairudia mpaka anyanyue dole gumba. Maneno yetu ni marefu kuliko ya Kiingereza, hayakutosha kwenye vile vitufe vyake, ikabidi avinenepeshe usiku kucha, asubuhi macho mekundu. Kazi aliipenda, sikatai. Ndiyo shida ya watu wa aina ile, anapenda kazi mpaka anasahau ni ya nani.

Nilimuuliza, "Sasa watakaoisikia hii ni nani na nani?"

"Wote, mama. Kinyakyusa chote ni wewe."

"Wanaume kwa wanawake?"

"Sauti ni sauti, mama. Kwenye mfumo haina baba wala mama."

Shemeji alikuwepo, ameegemea mlango wa stoo, anamenya ndizi mbivu. Alisikia swali na alisikia jibu. Na mimi, niseme ukweli, niliwaza wazee kwa ujumla wao. Kwenye akili yangu mkwe wangu na simu havikukaa pamoja; mzee yule hajawahi kushika simu. Niliamini shemeji atamsomea maswali, kama alivyokuwa akimfikishia kila habari. Shemeji ndiye aliyejua mzee ataketishwa mbele ya kishikwambi, kwa sababu orodha ya kuwaketisha aliipanga yeye.

Siku ya wakuu wa miji kuthibitisha, sikwenda, sikutakiwa. Yaliyotokea nilielezwa na jirani yangu wa zamani, mjane mwenzangu, mwanamke asiyejua kunong'ona. Alikuwa kwenye foleni, nyuma ya mzee.

"Wamemkalisha kwenye kiti," akaniambia. "Shemeji yako kampa ile kitu, kabonyeza Kinyakyusa mwenyewe, sauti kaiweka juu mpaka mwisho. Wewe ukaanza, 'Karibu, sema jina lako.' Mama yangu! Mzee kama kamwagiwa maji ya moto. Kavuta koti kajifunika kichwa, katoka mbio, fimbo kaiacha pale pale."

"Halafu?"

"Halafu shemeji yako kasema, 'Mzee kichwa chake siku hizi kimechoka, nitamjibia.' Kabonyeza juu kule, ikawa Kiswahili. Kajibu fasta fasta."

"Mtendaji hakusema kitu?"

"Mtendaji alikuwa anakula karanga."

Orodha ilipobandikwa mlangoni kwa kata, nilikuta nyumba ya shemeji, na mzee kaandikwa humo ndani kama mtu wa kulelewa. Mimi sipo. Nikaingia kwa mtendaji. Mtu mnene mwenye sauti ya mpole, ule upole wa mtu ambaye hana mpango wa kukusaidia.

"Mama, mkuu wa mji wenu amesema hukuwa na nyumba pale," akasema. "Amesema ulisharudi kwenu Lufingo kabla ya tukio."

"Mimi nilifukuliwa pale! Kama nilikuwa Lufingo, niliingiaje kwenye udongo wa Masukulu? Kwa mizizi?"

"Usinigombeze mama. Mimi sijibu, mfumo ndio unajibu."

"Mzee hakusema chochote. Alikimbia. Wewe ulikuwepo."

"Jibu lake limo. Likishaingia haliguswi. Una malalamiko? Weka kwenye mfumo. Hata kwa lugha ya kwenu unaweza, tumewawekea."

Nikaenda kwa jirani yangu, akanipa simu. Nikabonyeza. Sauti yangu ikanikaribisha. Sauti yangu ikaniambia pole kwa yaliyonikuta. Ikaniuliza nina malalamiko gani. Nikayasema yote, nalia, nimeshika simu kama mtu ameshika koo la kuku. Nilipomaliza, sauti yangu ikajibu, kwa upole ule wa stoo ya viazi: ndaga fijo, yaani asante sana, tumepokea. Basi. Niliishukuru nafsi yangu kwa kuninyima nyumba. Jirani yangu alicheka mpaka akakaa chini, halafu akaona uso wangu, akaacha.

Nilimfuata shemeji. Nilimkuta kwenye shamba la chai la marehemu, mashina ambayo mume wangu aliyapanda kwa mkono wake, anawaonyesha vibarua pa kuanzia kuchuma. Hapo nikaelewa bila kuambiwa: nikiandikwa nilisharudi kwetu, chai inabaki yake.

"Ndaga, shemeji," akaanza yeye, anatabasamu.

"Salamu kaa nayo. Umemwambia nani kwamba mimi nilirudi Lufingo?"

"Shemeji, hasira za nini mbele za watu? Mwanamke akifiwa, kwao si kupo? Kaka hayupo. Mtoto ni wa kike, ataolewa. Nyumba utaifanyia nini, ufugie popo?"

"Ulijua mzee hawezi kusikia sauti yangu."

"Mimi?" Akaweka mkono kifuani. "Mimi niliyekutafutia sifa? Wilaya nzima inakusikia wewe! Wengine wangenishukuru."

"Mke wako wa kwako unaweza kumweka aongee na baba yako?"

Akaokota jani la chai, akalikunja. "Mke wangu hana sauti nzuri," akasema. Na vibarua wakacheka, maana kucheka na anayewapa kazi ni sehemu ya kazi.

Nyumba sikuwa nayo, lakini kilichonikosesha usingizi ni kingine. Jirani yangu alikwenda kumwona mzee, akamkuta nyuma ya nyumba ya yule jamaa, ananoa panga lisilohitaji kunolewa. Akamuuliza kwa nini amemkana mkwe wake. Mzee akashangaa. Akasema hakuulizwa neno. Alichojua ni kwamba walimketisha mbele ya watu, halafu mke wa mwanawe akamsemesha usoni, akamwamrisha ataje jina. Alidhani mimi, kwa kuwa mume hayupo tena, nimemtupa na yeye. Kwamba adabu yangu yote ya miaka ile ilikuwa ya kumwogopa mume. Alikaa na jambo hilo moyoni na hakumwambia mtu.

Jirani yangu akamweleza: ilirekodiwa stooni, hajui nani ataisikia, ni mwanao ndiye aliyeipanga. Anasema mzee aliacha kunoa. Halafu akauliza kitu kimoja tu: "Nyumba amepata?"

"Hajapata."

Akaendelea kunoa.

Jirani yangu alijaribu kumpeleka kwa mtendaji. Shemeji akatangulia, akasema baba amepoteza kumbukumbu, anaongea na migomba. Mtendaji akaandika hivyo. Mzee ambaye anajua kila shina la mti alilopanda tangu ujana wake, akaandikwa kapoteza kumbukumbu kwa neno la mtu anayevuna chai isiyo yake.

Ikafika siku ya kuzindua. Maturubai, viti vya plastiki, spika kubwa zinazokwaruza, mgeni rasmi na msafara wake. Nyumba zimejipanga chini ya mlima, bati linang'aa, kila moja na namba mlangoni. Wakaniita. Ndiyo, mimi, nisiyekuwa kwenye orodha. Mtaalamu alinipigia simu mwenyewe: "Mama, mgeni rasmi anataka kuisikia ile sauti ikiwa hai. Utasalimia kwa Kinyakyusa, utashukuru kidogo, basi."

Karibu nimtukane. Halafu nikauliza, "Wazee watakuwepo?"

"Wote. Wakuu wa miji wanakaa mbele."

Nikasema nitakuja.

Nilifikiria njia nzima kutoka Bulyaga. Nikisimama pale na kusema, mkwe wangu atalazimika kuinuka na kuondoka mbele ya wakubwa wote. Ni aibu kumfanyia mzee. Nisiposema, sina kitu kingine mkononi. Karatasi zao zinasema mzee alinikana. Mwili wake tu ndio ungeweza kusema kwamba hakuweza hata kukaa mahali ninapoongea. Hao walionifikisha hapo, kuchagua kati ya nyumba na heshima ya mzee, sitawasamehe, hata mchungaji akihubiri mwaka mzima juu ya jambo hilo.

Nilikaa nyuma kabisa, nyuma ya wanawake, nimejitanda kanga. Nilimwona mzee mstari wa mbele, koti lake la kanisani, fimbo katikati ya magoti. Pembeni yake ndugu zake wawili, nao ni wakwe zangu vilevile. Mshereheshaji akaniita: "Na sasa, mabibi na mabwana, ile sauti!" Nikaanza kutembea. Ni mwendo mrefu kwa anayechechemea. Mzee alikuwa na muda wote wa kuondoka taratibu, kwa pembeni, bila mtu kujua. Jirani yangu alikaa karibu naye, ananihakikishia mpaka leo kwamba yule ndugu yake mkubwa alimgusa bega, twende. Mzee akatikisa kichwa. Akangoja.

Nikashika maiki, nimeinamisha uso. Nikasema maneno yale yale ya kwenye simu: "Karibu, sema jina lako."

Mzee akainuka. Hakupita pembeni. Amejifunika koti kichwani, akapita katikati, mbele ya meza kuu, baina ya mgeni rasmi na maua yake, fimbo inagonga mbao za ukingo wa jukwaa, ko, ko, ko. Ndugu zake wakamfuata, na wao wamejifunika. Hata spika ziliacha kukwaruza.

"Wazee wana nini?" mgeni rasmi akauliza. "Wamekasirika?"

Bibi mmoja nyuma akapaza sauti: "Ndiye mkwe wake! Mmemweka mkaza mwana kwenye simu ya baba mkwe! Nyie mna akili?"

Kicheko kikalipuka, cha wanawake kwanza. Mtaalamu akasimama, kishikwambi mkononi, uso umemshuka. Alielewa haraka, hilo nampa. "Kwa hiyo alipobonyeza Kinyakyusa..."

"Hakubonyeza," nikasema, na maiki bado ninayo. "Alibonyezewa. Na mwanawe, yule pale mwenye beji ya ukatibu, anayejifanya anatafuta kitu mfukoni. Akamwekea sauti yangu ili akimbie, alipokimbia akamjibia kwamba mimi sikuwepo. Anataka chai ya kaka yake. Na mtendaji huyu aliona mzee anakimbia, akaandika mzee amejibu. Nilipomlilia akaniambia nijilalamikie mwenyewe kwenye simu. Na wewe mwanangu uliniambia sauti haina baba wala mama. Hiyo yangu ina baba mkwe. Ametoka sasa hivi."

Mshereheshaji akaninyang'anya maiki. Muziki ukafunguliwa. Lakini mgeni rasmi alikuwa ameshamwinamia mtendaji sikioni, na mtendaji alikuwa ameshaacha kutafuna.

Baada ya hapo mtaalamu akaongeza kitu kingine kwenye mfumo: ukichagua lugha unachagua na sauti, ya mwanamume au ya mwanamke. Ya kiume walimrekodi mwinjilisti mstaafu, anakohoa katikati ya maneno, lakini wazee wanamwelewa. Mzee akaketishwa tena, safari hii bila shemeji. Jirani yangu alikuwepo, wapi asikokuwepo. Anasema mzee alijibu yote mpaka mwisho, na alipoulizwa nani aliishi kwenye mji wake, alinitaja kwa jina la binti yangu, mama fulani, akasema nyumba yangu ilikuwa chini ya mti upi, mlango unatazama wapi, na kwamba moshi wa jiko langu ndio ulikuwa wa kwanza kila asubuhi. Sikujua kama alikuwa anautazama moshi.

Nikapata nyumba. Ya mwisho kabisa, ukingoni mwa mtaro. Mvua ikinyesha maji yanabisha hodi. Mzee akapewa yake, maana alisema wazi hawezi kulala chini ya paa moja na mke wa mwanawe mdogo, jambo ambalo shemeji, kwa ujanja wake wote, alimwandikia baba yake kana kwamba hakuzaliwa huku. Aliyepanga nyumba hizi naye hakuuliza mtu: milango yetu inatazamana. Nimepanda migomba mbele ya wangu, inakua.

Aliyeadhibiwa hakuna. Mtendaji amehamishiwa kata yenye lami. Mtaalamu amerudi Dar, nasikia anaalikwa kwenye semina kueleza jinsi alivyogundua habari za wakwe. Alivyogundua! Shemeji bado ni katibu, anasimamia bomba la maji sasa, na chai ya marehemu tunaigombania kwenye baraza la kata mpaka leo.

Mimi nipo. Asubuhi nasikia mzee anakohoa kabla ya kufungua mlango wake. Nabaki ndani, nasubiri mpaka nyayo zipite. Shemeji akipita hakohoi. Huyo natoka kabisa, nasimama mlangoni na mguu wangu mbovu, namtazama usoni, mpaka ageuke yeye.